Nilivyompeleka Mavyaa Kuona Nyinyoro

Tangu nirudi sijaweza kwenda dukani nikarudi bila kusimamishwa. Mwenye genge ananiuliza, jirani wa ukuta mmoja ananiuliza, hata wanaokuja kushonesha, kabla sijawapima kiuno wanataka habari ya safari. Basi mashoga zangu, nimeamua kuiandika yote mara moja, mpokezane wenyewe. Nawaonya mapema kwamba hasira bado ninayo. Wale mnaosema Mama Riziki ana mdomo, mlikuwa hamjausikia.

Mavyaa wangu, mama mzazi wa Baba Riziki, mnamjua. Ni yule bibi mwembamba anayekaa barazani kwetu akichambua mchicha kwa vidole. Ni Mtaita wa milimani, aliletwa huku Likoni na mwanawe alipofiwa na mumewe. Ana presha ya macho. Daktari alituambia wazi kwamba uoni uliokwenda haurudi, na matone anayotiwa ni ya kuzuia uliobaki usiende upesi. Watu anawaona vivuli. Rangi zimemkimbia karibu zote, isipokuwa zile kali, na nyekundu ndiyo inayomjia vizuri zaidi.

Siku moja mvua ya kwanza ilipopiga, aliniita. Akaniambia kwamba kwao, juu ya mgongo wa mlima, kuna maua hutoka mvua ikianza tu, kabla hata ya majani yake. Ua moja juu ya bua moja, duara, jekundu, limejaa nyuzinyuzi. Hukaa wazi siku chache, yakishapita ni mpaka mwakani. Alikuwa akiyachezea utotoni. "Mwanangu," akasema, "mwakani sijui kama nyekundu nitaiona. Nipeleke niyatazame mara moja." Nimeolewa na mwanawe miaka ishirini na minane, na siku hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuniomba kitu.

Jina la ua alinitajia kwa Kidawida, lugha yao Wataita. Mimi, mzaliwa wa Mvita niliyefunzwa Kiswahili titini mwa mama, nikamwambia, "Mama, hilo kwa Kiswahili ni yungiyungi." Nikampigia simu Mwadime, mtoto wa ndugu yake, mwalimu mstaafu anayeishi kulekule kijijini. Nikamuuliza, "Shemeji, mayungiyungi yamechanua huko?" Akajibu, "Yamejaa, Shemeji. Njooni hata kesho." Likumbukeni neno hilo, kwa maana ndilo lililotuponza.

Shika Adabu hadi Changamwe

Baba Riziki yuko zamu bandarini, ruhusa hakupata. Alichofanya ni kutuombea nafasi kwenye lori la rafiki yake aendaye Voi, dereva aitwaye Njoroge. Tulikubaliana atuchukue Changamwe saa mbili asubuhi, tufike Voi mchana, na magharibi itukute mlimani.

Tukatoka mtaani kwetu Shika Adabu alfajiri. Mavyaa amevaa leso mpya, mimi nimebeba mahamri na mbaazi za nazi kwenye bakuli lenye mfuniko, maana chakula cha njiani sikiamini. Pale kivukoni nilimshika mkono, kwa kuwa mteremko ule ulikuwa umelowa na yeye haoni anapokanyaga. Wallahi watu hawana haya. Mtu mzima na tai yake shingoni akatusukuma kwa begi, akageuka akatutazama kana kwamba sisi ndio tuliomgonga. Nikamuuliza kama kazini kwake kunaondoka. Mavyaa akanivuta leso akisema, "Mwache, ana haraka." Nikamwambia hata sisi tuna haraka, ila hatusukumani.

Changamwe tulifika saa mbili kasorobo. Njoroge hakuwapo. Nikampigia, akasema, "Mathe, niko hapo tu." Kwanza mimi si mama yake, aniite mathe. Pili, hapo ya dereva wa lori sijui hupimwa kwa kipimo gani. Saa tatu alikuwa hapo tu. Saa nne alikuwa hapo tu. Kumbe trela lilikuwa limekwama kwenye kona ya kutokea Kipevu, kichwa upande mmoja, mkia upande mwingine, na malori yote nyuma yake yamezimwa. Sasa kwa nini asiseme hivyo? Angesema, tungekaa kwa raha. Badala yake kila nilipomkalisha mavyaa nikamwinua tena, nikidhani lori limefika.

Tulikaa kwa mama mmoja muuza chai, Mgiriama mwenye maneno ya upole, akatupa benchi lake na yeye akasimama. Alipojua tunakokwenda na sababu yake akashangaa. "Ua tu?" akauliza. Mavyaa akamwambia, "Ua tu." Yule mama akamwongezea chai bila kuulizwa.

Lori likaja saa tano na nusu. Kupanda kule juu kulikuwa kazi ya watu watatu, mimi nikisukuma kwa chini, Njoroge akivuta kwa juu, na muuza chai akielekeza mguu. Mavyaa akakaa dirishani akacheka. Alisema tangu azaliwe hajawahi kuwa mrefu hivyo.

Mizani, na habari ya mahamri

Mariakani tukakutana na foleni ya mizani. Lori mbele yetu lilikuwa limezidisha mzigo na mwenyewe anabishana, ati mzigo ni uleule wa siku zote. Labda kweli, lakini kwa nini sote tulipie ubishi wake kwa jua lile? Njoroge alizima injini akaegemea usukani akalala. Nikamwamsha. Akasema, "Mathe, tulia, hii ni normal." Nikamwambia kwetu si kawaida mtu kulala na wageni garini. Akafungua jicho moja, akanitazama, akalala tena.

Nikafungua bakuli langu. Mbaazi zilikuwa zimechacha, kwa joto la muda wote ule. Nilizimwaga kando ya barabara kwa uchungu ambao mtu aliyekuna nazi saa tisa usiku ndiye ataujua. Mahamri yalipona. Tukala makavu, na Njoroge alipoamka akala manne bila hata kuuliza ni ya nani.

Voi tulifika saa kumi. Jirani yake Mwadime aliyekuwa atupokee na pikapu alishangoja akachoka akaondoka. Tukaingia hotelini kutafuta cha kutia tumboni. Nikaagiza mahamri. Mhudumu wa pale, dada mwenye adabu zake, akaniletea mandazi. Nikamwambia haya si mahamri, haya ni mandazi, hayana iliki, hayana nazi. Akasema, "Mama, si ni kitu kimoja?" Nikajibu si kitu kimoja hata kidogo. Mavyaa akachukua moja, akalitafuna, akasema ni tamu, na mimi nikabaki na hoja yangu peke yangu.

Hatimaye tukapata pikapu iliyokuwa imeshusha nyanya, ikirudi milimani tupu. Tukapita Mwatate giza likianza kushuka, kisha barabara ikaanza kupanda na kujikunja. Baridi ikaingia. Mimi na joto la Likoni tumezoeana, nikajifunga leso zote mbili na bado meno yakagongana. Mavyaa yeye alishusha kioo. Alikuwa akivuta hewa kwa pua, akinitajia tulipopita: hapa kuna mto, hapa kuna shule, hapa palikuwa na mkuyu. Hakukosea hata mahali pamoja.

Kimanga

Kijiji chenyewe sitakitaja jina. Mkimaliza kusoma mtajua kwa nini, na yeyote atakayenibana nimtajie atabana mpaka achoke.

Mwadime alitupokea mlangoni na taa mkononi. "Shikamoo, Shangazi." Mavyaa akaitika, akamshika uso kwa mikono miwili akampapasa masikio, akamwambia amezeeka. Mkewe Mwadime akaniambia ametupikia kimanga. Moyo wangu ukafurahi. Kwetu ukisikia kitu cha Kimanga ni cha Kiarabu, basi nilikwisha kuona mdalasini na zabibu. Ikaletwa sahani ya mihogo na maharagwe iliyopondwa pamoja, imetulia, haina hata punje moja ya iliki. Nikauliza kwa sauti, kwa ujinga wangu, kimanga kiko wapi. Mkewe Mwadime akacheka mpaka akaketi chini. Nilikula sahani mbili. Ni chakula kizuri sana, tena kinashika tumbo, na wala sikuhitaji iliki.

Nawaambieni haya ili mjue kwamba mpaka hapo nilikuwa na furaha. Hasira zote za njiani zilikuwa zimekwisha. Kesho yake tungeona ua.

Bwawa

Asubuhi Mwadime akatuongoza. Nikashangaa tunateremka. Nikamuuliza, "Shemeji, si juu?" Akasema, "Siyo, Shemeji, ni bondeni, kwa rafiki yangu mmoja." Nikadhani yapo ya bondeni pia. Mavyaa naye akauliza mbona tunashuka, nikamwambia Mwadime anajua njia. Hilo nalo ni kosa langu, nalikiri.

Njiani tukapishana na magari matatu yakipanda, yamejaa watu wenye fulana za kijani wakiimba. Nyuma walibeba miche ya miti ndani ya vifuko vyeusi. Mwadime akasema ni kampuni moja ya huko kwetu Mombasa, imekuja siku ya kupanda miti. Jina la kampuni lilikuwa kifuani mwa kila fulana, nami hilo nalo, kama la kijiji, sitalitaja kwa sababu sitaki kesi. Nilifurahi. Nikawapungia mkono. Nikawaambia kwa sauti Mungu awabariki. Mkono huu huu ninaoandikia.

Tulitembea kwa mwendo wa mavyaa, yaani pole sana, kwa sababu mteremko ulikuwa wa mawe. Tukafika saa tano. Palikuwa na bwawa la samaki, safi, limezungushiwa uzio wa miti. Juu ya maji yametandaa majani ya duara, na katikati yake maua meupe na ya samawati. Mwadime akanyoosha mkono kwa fahari. "Hayo hapo mayungiyungi. Yamejaa, au sikukwambia?"

Mavyaa akauliza, "Tumefika? Mbona nasikia vyura?"

Nikamweleza Mwadime, ua jekundu, la nchi kavu, lenye tunguu chini, duara kama ngumi. Mwalimu yule akanitazama kwa huruma, jinsi alivyokuwa akiwatazama watoto wa darasa la nne. "Shemeji," akasema, "yungiyungi ni la majini. Hilo usemalo wewe ni nyinyoro. Ungesema nyinyoro, tungekwenda juu." Mimi wa Mvita nikafundishwa Kiswahili na Mdawida kando ya bwawa la samaki. Nilitaka kubisha. Lakini ndani ya moyo nilijua marehemu bibi yangu aliita yungiyungi ua la kisimani.

Mavyaa hakunikaripia. Alisema tu, "Mimi nilikutajia jina lake, mwanangu. Wewe ukalibadili." Ingekuwa afadhali angenikaripia.

Kurudi kupanda kulituchukua mchana wote, maana mvua ilitukuta njiani tukajibanza kwenye ghala la mtu. Magari ya fulana za kijani yakatupita yakishuka, watu wamechoka, hawaimbi tena. Mwadime akasema kesho asubuhi na mapema tutakwenda juu, na kwamba maua yalikuwapo, juzi tu ameyaona mwenyewe, mgongo mzima mwekundu.

Mgongo wa mlima

Siku ya tatu tukapanda. Ukungu ulikuwa chini mpaka kwenye magoti. Mwadime alitangulia akikata matawi, mavyaa katikati, mimi nyuma nikiwa nimemshika kiuno. Kila baada ya hatua chache alisimama akagusa kitu, mara jiwe, mara kuvu ya kijani iliyoufunika mti. Akanieleza jinsi nyinyoro zinavyokaa. Hazitaki udongo mwingi. Hujibana penye mawe, ukingoni mwa msitu, mahali ambapo mti mfupi unazipa kivuli cha nusu siku na majani yaliyooza yanazifunika kiangazi. Mbuzi hawazigusi kwa sababu zina sumu. Watoto walikatazwa kuzitia mdomoni. Nyuki na vipepeo huzijia mapema, umande ukikauka tu.

Mwadime akatokeza juu mbele yetu. Nikamwona akisimama, na panga likamwanguka mkononi.

Nikafika nikaona. Mgongo ulikuwa umefyekwa. Ile miti mifupi yenye kuvu haipo, imebaki visiki vibichi. Mawe yaliyoweza kuvingirishwa yamevingirishwa kando. Chini pote pamechimbwa mashimo kwa mistari iliyonyooka kwa kamba, na kwenye mashimo mengi umesimama mche wa mkaratusi wenye karatasi yenye jina la aliyeupanda. Mikaratusi, jamani, mti unaokunywa maji kuliko lori, juu ya kilima kinachotoa mito ya watu. Pembeni kulikuwa na bango, Tunza Mazingira. Na chini ya bango kulikuwa na rundo, urefu wa kifua changu. Majani, matawi, na juu yake nyinyoro, mamia kwa mamia, zimeng'olewa na matunguu yake, bado nyekundu kabisa.

Nilifungua kinywa.

Mavyaa akasema, "Yapo. Nayaona."

Alikuwa amesimama na uso umeelekea rundo. Kwa jinsi macho yake yalivyo, lile lilikuwa doa kubwa jekundu ndani ya ukungu mweupe. "Yamekuwa mengi kuliko zamani," akasema. "Zamani hayakukaa pamoja hivi." Akakaa juu ya jiwe, akaweka mikono mapajani, akatazama. Machozi yalimtoka wala hakuyafuta.

Mwadime akanitazama. Nikamtazama. Mimi ninayejulikana Shika Adabu nzima kwamba siwezi kumeza neno, nikalimeza. Niliwaza kwamba amekuja kuona nyekundu na nyekundu ameiona, basi tutashuka na furaha yake, na hatajua. Aliponiambia nimsogeze karibu, nikamwambia majani yanateleza.

Ndipo akatokea mwanamume wa makamo mwenye fulana ya kijani, na vibarua wawili na toroli. Alikuwa amebaki kusimamia kazi. "Shikamooni," akasema, kwa adabu, kwa sauti ya kwetu. Nikamuuliza anatoka wapi. Akasema Mkomani. Mtu wa kwetu kabisa, Mombasa hiyohiyo. Akajitambulisha kwa jina la Feliksi. Nikamvuta kando nikamwambia kwa kunong'ona, rundo hilo usiliguse mpaka mama yangu ashuke.

"Mama, haiwezekani," akasema. "Leo wanakuja wa kupiga picha. Nimeambiwa paonekane safi."

"Nakuomba saa moja tu."

"Kwani ni nini? Ni magugu tu."

Sikujua kwamba sauti yake ilikuwa kubwa. Mavyaa haoni, lakini anasikia mpaka sindano yangu ikianguka. Akageuka. "Magugu yapi?" akauliza.

Akasimama, akatembea mwenyewe, mikono mbele, akajikwaa kwenye shimo moja, akajikwaa la pili, akafika kwenye rundo. Akashika ua moja akalivuta polepole. Likaja lote, na bua, na tunguu, na mizizi inayoning'inia. Akalipapasa toka juu mpaka chini. Kisha akashika jingine.

"Mama Riziki," akaniita. Yeye huniita mwanangu. Jina hilo huniita akinikasirikia. "Abee," nikaitika. Akaniuliza, "Ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona, Mama."

"Ulitaka nishuke mlimani na uongo?"

Nikasema nilitaka ashuke na furaha. Akasema furaha ya namna hiyo angeweza kuipata barazani kwangu, akifumba macho, bila kupanda lori. Nilisimama nikalia kwa haya mbele ya vibarua, na hasira yangu yote, ambayo sikupata kumpa mavyaa, nikaigeuzia kwa Feliksi. Nilimwambia mengi. Nilimuuliza nani aliyemwambia mlima huu haukuwa na mimea mpaka yeye alipokuja. Nilimuuliza aliyeandika bango hilo alikuwa amekaa kwenye ofisi gani, na kama aliwahi kupanda hata ngazi. Nikamwambia mnakuja na nyimbo, mnang'oa kilichotunza mazingira haya kabla babu zenu hawajazaliwa, mnapanda miti ya nguzo za umeme, mnaandika majina yenu, kisha mnashuka kula. Nikamwambia jana mimi mwenyewe niliwapungia mkono na kuwaombea baraka, na kwamba baraka hizo nazitaka nirudishiwe.

Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa chini. Akasema alipewa kamba, majembe, na agizo la kuondoa magugu, na kwamba hakuna aliyemwonyesha magugu ni yapi. Maua aliyaona. Aliyaona ni mazuri hata akayapiga picha amtumie mkewe. "Lakini yalikuwa kwenye mstari," akasema.

Jibu hilo ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo. Yalikuwa kwenye mstari.

Mavyaa alikuwa ameshaketi chini karibu na rundo, miguu ameinyoosha, anachambua kama achambuavyo mchicha. Matunguu mazima huku, yaliyokatwa na jembe kule. Mabua anayavunja na kuyaweka kando. Akaniambia, "Hayafi upesi. Yana maji ndani. Njoo." Nikaenda. Mwadime akaenda. Kulikuwa na mashimo upande wa juu ambayo miche haikuyatosha, yamebaki wazi. Mavyaa akasema hayo hayo yanatosha, ila yajazwe nusu, kwa maana nyinyoro haitaki kuzikwa. Akanishika mkono akaniongoza kidole, tunguu likae hivi, shingo ibaki juu ya udongo, kisha majani makavu. Akaniambia nisijishike macho na utomvu ule.

Nikamuuliza kama yatachanua tena. Akasema mwakani baadhi, na mengine mwaka wa pili, yakiachwa. "Lakini mimi sitayaona," akasema, bila kumung'unya maneno. "Ya mwisho nimeyaona leo, yakiwa kwenye takataka. Panda, jua linakuja." Nikapanda. Nilipanda huku nalia, na kila tunguu lililokatwa nililokutana nalo nilimtajia Feliksi kwa sauti, hili umelikata, na hili umelikata, ili asikie.

Vibarua walisimama na toroli lao wasijue wafanye nini. Feliksi akatoka, akaenda mpaka kwenye bango, akarudi. Simu yake ikaita, akaitazama, hakuipokea. Mavyaa akazisikia hatua zake. "Wewe mtu wa Mkomani," akasema, "macho yako ni mazima?"

"Ni mazima, Mama."

"Basi kaa huku uyatumie."

Feliksi akachuchumaa kando yangu. Akachukua tunguu moja kwenye kiganja, limeshakatwa bua, jeupe, halina majani. Akaligeuza. Akaligeuza tena. Alikuwa ameyang'oa mamia siku ya jana. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, juu ni upande upi?"

Nikamwonyesha. Sikuwa nimemsamehe, wala sijamsamehe hata hivi ninavyoandika, lakini ukungu ulikuwa umeshapaa na matunguu yalikuwa yakikauka.